Namna ya Kukabili Maambukizi Kando ya Jino la Kupandikizwa: Mwongozo kwa Wakazi wa Kigoma na Tabora

Jino la kupandikizwa haliozi, kwa kuwa titani (aina ya metali) na kauri haziyeyushwi na asidi inayotoboa meno ya asili. Kinachougua ni ufizi unaolizunguka pamoja na mfupa wa taya unaolishika, na ugonjwa huo ndio unaowapotezea watu vipandikizi ambavyo vingeweza kudumu miaka mingi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyepandikizwa jino Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi au nje ya Afrika Mashariki, kisha akarudi kuishi Kigoma au Tabora, ambako daktari aliyemhudumia hayuko jirani. Unaeleza mambo anayoweza kuyafanya mwenyewe nyumbani, yale anayopaswa kuyaomba katika kliniki ya meno iliyo karibu naye, na yale yatakayomlazimu kusafiri.

Kinachotokea chini ya ufizi

Kipandikizi ni skurubu ndogo ya titani inayoingizwa ndani ya mfupa wa taya, na juu yake hufungwa kiungio, kisha taji lenye umbo la jino. Mfupa hukua hadi kuishika titani hiyo moja kwa moja. Jambo hilo lilichunguzwa kwa kina na Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, ambaye mwaka 1965 alimtibu mgonjwa wake wa kwanza wa vipandikizi mjini Gothenburg. Jino la asili halikai hivyo. Lenyewe limeshikizwa ndani ya taya kwa nyuzi laini zenye mishipa ya damu na ya fahamu, na nyuzi za ufizi nazo zimejichomeka katika mzizi wake, ilhali kando ya kipandikizi nyuzi za ufizi hupita sambamba na skurubu bila kuingia ndani yake. Kwa sababu hiyo kizuizi dhidi ya bakteria ni dhaifu zaidi, damu inayofika mahali hapo ni kidogo, na yale maumivu ambayo kwa jino la asili yangemwamsha mtu usiku wa manane mara nyingi hayapo kabisa.

Ugonjwa wenyewe huanza na utando wa bakteria unaojijenga pale ufizi unapokutana na taji. Usipoondolewa kila siku, utando huo hukomaa, baadhi yake hugeuka ugaga mgumu, na ufizi huvimba na kutoa damu ukiguswa. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, ambapo mfupa bado ni mzima, na kwa usafi mzuri hali huweza kurejea kuwa ya kawaida. Katika hatua ya pili, ambayo katika faili la mgonjwa huandikwa periimplantitisi, mfupa umeanza kuliwa kuizunguka skurubu, na nyuzi za skurubu, yaani mikato yake inayozunguka, zilizokuwa zimefunikwa hubaki wazi zikiwa maficho mapya ya bakteria. Mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe, na kasi ya kuliwa kwake haiendi kwa mwendo mmoja bali huongezeka kadiri muda unavyopita. Tofauti kati ya hatua hizi mbili ndiyo inayoamua kama matibabu yatamalizikia katika kiti cha daktari wa meno wa wilaya au katika chumba cha upasuaji cha mbali.

Dalili za kuzingatia, na zile zisizosubiri asubuhi

Dalili ya kwanza kuiamini ni damu. Ufizi wenye afya hautoi damu unapopigwa mswaki laini, na msemo wa mitaani kwamba damu kidogo ni kawaida kwa jino la bandia hauna msingi. Dalili nyingine ni wekundu au weusi-wekundu wa ufizi, uvimbe, ladha mbaya kinywani, harufu isiyoondoka hata baada ya kupiga mswaki, usaha unaotoka ufizi ukibonyezwa kwa kidole, na ufizi uliojivuta chini hadi rangi ya kijivu ya titani ikaonekana. Kwa kipandikizi cha taya ya juu upande wa nyuma, makamasi yenye harufu mbaya yanayotoka tundu moja tu la pua yanaweza kuwa ishara kwamba uwazi wa mfupa wa shavu umeguswa, na jambo hilo lielezwe kwa daktari hata kama mgonjwa anadhani ni mafua.

Jino likitikisika, usikimbilie kuhitimisha. Mara nyingi kinacholegea ni skurubu ndogo inayolifunga taji kwenye kipandikizi, na daktari mwenye bisibisi inayofaa huikaza tena. Hata hivyo ulegevu huo huacha mwanya unaojaa bakteria, kwa hiyo usikae nao kwa wiki kadhaa, wala usijaribu kulizungusha taji kwa vidole ili kuona kama litashika. Kama kinachotikisika ni kipandikizi chenyewe ndani ya mfupa, kimekwisha kupoteza mshikamano wake, na hakuna dawa wala usafishaji utakaourudisha.

Dalili zifuatazo ni za dharura: uvimbe unaoshuka chini ya taya kuelekea shingoni au kupanda kuelekea jichoni, homa, kinywa kushindwa kufunguka, sakafu ya kinywa kuvimba na kuunyanyua ulimi, mate kumdondoka mgonjwa kwa sababu kumeza kunamshinda, sauti kubadilika, au pumzi kuwa ya shida. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali saa ileile. Kwa walio mjini ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni kwa Kigoma, na Kitete kwa Tabora; walio Kasulu, Kibondo, Urambo, Nzega au Igunga waanzie hospitali iliyo karibu zaidi, kwa sababu maambukizi yanayofika shingoni yanaweza kuziba njia ya hewa kabla gari halijafika makao makuu ya mkoa. Wanaoishi vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambako usafiri ni boti na ratiba hutegemea upepo, waondoke mapema zaidi kuliko wanavyodhani inahitajika. Wakati wa kusubiri usafiri, jipu lisitumbuliwe kwa sindano wala wembe, na kidonge cha aspirini kisiwekwe juu ya ufizi, kwani huunguza nyama na kuongeza kidonda juu ya kidonda.

Usafi wa nyumbani ndio nusu ya tiba

Mgonjwa anayeona damu kidogo bila homa wala usaha aanze usafi siku hiyohiyo, huku akipanga kwenda kliniki. Wengi hufanya kinyume: wakiona damu huacha kupiga mswaki upande ule wakihofia kuumiza, utando ukaongezeka, na damu ikazidi. Mahali panapotoa damu ndipo panapohitaji kusafishwa kwa makini zaidi, ingawa kwa mkono mwepesi.

Tumia mswaki wenye nywele laini mara mbili kwa siku, na uulaze kidogo ili nywele zake zielekee pale ufizi unapogusana na taji, kisha uusogeze kwa mizunguko midogo badala ya kusugua kwa nguvu mbele na nyuma. Upande wa ndani, unaotazamana na ulimi, husahaulika kuliko upande mwingine wowote, na kwa meno ya chini ndiko ugaga hupenda kuanzia. Mswaki wa mti unaotafunwa hadi ncha ikawa laini unaweza kusafisha nyuso za meno, lakini haufiki katikati ya taji na jino la jirani, na hapo ndipo ugonjwa huu hukaa. Mkaa, majivu na mchanga visitumike, kwa kuwa hukwaruza kila kinachoguswa.

Katikati ya meno hutumika brashi ndogo zenye umbo la kusafishia chupa, ambazo huuzwa kwa ukubwa mbalimbali. Chagua ile ambayo waya wake umefunikwa kwa plastiki, kwa sababu waya mtupu huchora titani, na chagua ukubwa unaopita kwa kubana kidogo bila kulazimishwa. Kama hazipatikani katika maduka ya dawa ya mjini, yafaa kumwagiza ndugu anayetoka Dar es Salaam au Mwanza alete pakiti kadhaa kwa pamoja. Uzi wa kusafishia meno pia unafaa pale ufizi ulipo mzima. Lakini kama nyuzi za skurubu zimekwisha kuwa wazi, uzi unaweza kukwama na kukatika juu yake, na vipande vinavyobaki vikawa chanzo cha uvimbe vyenyewe. Kwa mgonjwa wa hatua hiyo, brashi ndogo ni salama zaidi.

Chakula cha kwetu nacho kina mitego yake. Mwiba wa mgebuka au wa dagaa unaweza kuzama kando ya taji na kusababisha uvimbe unaofanana kabisa na maambukizi ya kawaida, na katika msimu wa maembe pale Tabora nyuzi za embe hubaki katikati ya meno hadi zikaoza. Baada ya milo hiyo pitisha brashi ndogo kabla ya kulala. Kitu kilichozama kisichimbuliwe kwa pini, njiti ya kiberiti au kisu. Kama hakitoki kwa brashi, daktari atakitoa kwa chombo safi.

Maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai katika glasi ya maji ya uvuguvugu, hutuliza ufizi na hayana madhara, ila hayaondoi utando. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini ya asilimia 0.12 au 0.2 ina nguvu zaidi: husukutuliwa mara mbili kwa siku kisha hutemwa, na isitumike zaidi ya wiki mbili bila maelekezo ya daktari, kwani hugeuza rangi ya meno kuwa ya kahawia na kuharibu ladha ya chakula kwa muda. Acha nusu saa ipite kati yake na dawa ya meno, maana baadhi ya viambato vya dawa ya meno huipunguza makali. Ama kuhusu asali, ambayo Tabora inaifahamu kuliko mikoa mingi, ibaki mezani. Kuipaka katika ufizi uliovimba kando ya kipandikizi ni kuongeza sukari mahali ambapo bakteria tayari wamejaa.

Kabla ya kwenda kliniki, tafuta kumbukumbu zako

Sehemu hii ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, na kwa mtu anayeishi mbali na daktari wake ndiyo yenye thamani kubwa. Vipandikizi hutengenezwa na kampuni nyingi, na kila kampuni ina skurubu, viungio na bisibisi zake ambazo mara nyingi haziingiliani na za kampuni nyingine. Daktari asiyejua amekutana na kipandikizi cha nani hawezi kulifungua taji ili asafishe chini yake, na akilazimisha kwa bisibisi isiyo yake huharibu kichwa cha skurubu, na kazi iliyokuwa ya dakika chache ikageuka tatizo kubwa.

Kwa hiyo mpigie simu au mwandikie daktari aliyekupandikiza na umwombe mambo haya: jina la kampuni na aina ya kipandikizi, kipenyo na urefu wake kwa milimita, tarehe ya kupandikizwa, kama taji limefungwa kwa skurubu au limegundishwa kwa saruji ya meno, vipimo vya kina cha ufizi (yaani cha mwanya ulio kati ya ufizi na kipandikizi) vilivyochukuliwa mwanzoni, na picha ya eksirei iliyopigwa siku taji lilipofungwa. Picha hiyo ni muhimu mno, kwa kuwa bila kuona mfupa ulikuwa wapi wakati huo, ni vigumu kujua umeshuka kiasi gani. Zipige picha nyaraka hizo kwa simu na uzitume pia kwa ndugu mmoja unayemwamini, maana simu huibwa na karatasi huliwa na mchwa. Aliyekwisha kupotezana na daktari wake asikate tamaa: eksirei nzuri huonyesha umbo la skurubu, na daktari mwenye uzoefu anaweza kuitambua kampuni kwa umbo hilo.

Kinachopaswa kufanyika katika kiti cha daktari

Uchunguzi huanza kwa kuangalia na kubonyeza ufizi, kisha daktari hupitisha kipimo chembamba chenye alama za milimita kando ya kipandikizi katika pande sita, kwa nguvu ndogo sana, na kuandika kina cha kila upande pamoja na mahali palipotoa damu au usaha. Wapo wanaoogopa kukigusa kipandikizi kwa kipimo wakidhani watakiharibu. Hofu hiyo haina sababu, na mgonjwa anaweza kuomba kwa adabu kipimo hicho kifanyike, kwa sababu bila hicho ugonjwa hauwezi kutambuliwa. Kama vipimo vyaonyesha kina kilichoongezeka, au kuna usaha, eksirei ndogo ya jino hilo hupigwa, kifaa kikiwa kimewekwa sambamba na kipandikizi ili nyuzi za skurubu zionekane wazi bila ukungu.

Wataalamu wa fizi wa Marekani na Ulaya walikutana Chicago mwaka 2017 na kukubaliana vigezo vinavyotumika hadi leo. Pale ambapo kumbukumbu za mwanzo hazipo, kipandikizi huhesabiwa kuwa na ugonjwa wa mfupa kama kuna damu au usaha, kina cha milimita 6 au zaidi, na mfupa ulioshuka milimita 3 au zaidi kutoka sehemu ya juu kabisa ya kipandikizi iliyokusudiwa kuwa ndani ya mfupa. Kukiwa na damu bila mfupa kupungua, hiyo ni hatua ya kwanza, na matibabu yake ni usafishaji na mafunzo ya usafi tu.

Usafishaji wa kipandikizi si sawa na usafishaji wa meno ya kawaida. Vyombo vya chuma cha kawaida na ncha za chuma za mashine ya kuondoa ugaga hukwaruza titani, na kila mkwaruzo huwa makazi ya utando mpya. Hutumika vyombo vya titani au vya plastiki ngumu, mashine yenye ncha iliyofunikwa kwa plastiki, au hewa yenye unga laini wa glisini au eritritoli. Kabla ya kukubali kusafishwa, uliza ni chombo kipi kitakachotumika chini ya ufizi. Kama kliniki ina vyombo vya chuma pekee, kwa maoni yangu ni afadhali daktari aondoe utando na ugaga ulio juu ya ufizi kwa uangalifu, afundishe usafi, na sehemu ya ndani ipelekwe penye vyombo vinavyofaa, kuliko kukwangua kwa haraka ili mgonjwa aone kazi imefanyika.

Daktari pia atafute sababu iliyo wazi. Taji lililogundishwa kwa saruji mara nyingine huacha mabaki ya saruji chini ya ufizi, na mabaki hayo huwasha na kukusanya bakteria hadi yatolewe. Kwa wagonjwa wengine tiba yote ilikuwa hiyo tu. Sababu nyingine ni umbo la taji. Taji lililotunishwa sana, au daraja refu (mataji kadhaa yaliyounganishwa) lililobana ufizi bila kuacha nafasi, haliruhusu brashi kupita, na hakuna mgonjwa, hata awe mwenye bidii kiasi gani, atakayelisafisha. Taji la namna hiyo lichongwe upya au libadilishwe.

Jambo moja la kukataa moja kwa moja ni kung'olewa kwa haraka. Kipandikizi kilichoshikamana na mfupa hakitoki kwa koleo la kung'olea meno. Huzungushwa kinyume kwa chombo maalumu, na anayelazimisha kwa koleo anaweza kuvunja mfupa wa taya.

Kuhusu amoksilini na metronidazoli

Katika maduka ya dawa muhimu, mtu anayelalamika jino huondoka na amoksilini na metronidazoli, ambazo ni antibiotiki yaani dawa za kuua bakteria, mkononi kabla hajafungua kinywa. Kwa ugonjwa huu, vidonge hivyo peke yake havitibu. Bakteria wamejikusanya ndani ya utando ulioganda juu ya titani, mahali ambapo damu haipiti, na dawa inayosafirishwa na damu haiwezi kuukwangua utando huo. Mgonjwa hupata nafuu siku chache, uvimbe hupungua, naye huamini amepona, huku mfupa ukiendelea kuliwa kimya. Mwongozo wa tiba uliotolewa mwaka 2023 na Shirikisho la Ulaya la Wataalamu wa Fizi haupendekezi antibiotiki za kumeza kama nyongeza ya kawaida ya usafishaji usio wa upasuaji, na hoja yake inaeleweka: faida ni ndogo, na usugu wa bakteria unaongezeka.

Zipo hali zinazohitaji dawa hizo, nazo ni jipu lenye homa, uvimbe unaosambaa, au mgonjwa ambaye kinga yake ya mwili ni dhaifu. Hata hapo usaha hutolewa na kipandikizi husafishwa. Dawa husaidia tu. Anayepewa amwambie daktari kama penisilini iliwahi kumletea vipele au kubana pumzi, na anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda aseme mapema, kwani metronidazoli huizidishia nguvu na kuleta hatari ya kutokwa damu. Pombe ya aina yoyote iachwe wakati wa kumeza metronidazoli na kwa siku mbili au tatu baada ya kumaliza.

Tumbaku, sukari na historia ya fizi

Mkoa wa Tabora, hasa Urambo, Kaliua na Sikonge, unajulikana kwa kilimo cha tumbaku, na wavutaji hawakosekani. Uvutaji hubana mishipa midogo ya damu ya ufizi, na kwa hiyo ufizi wa mvutaji hutoa damu kidogo hata unapougua. Yaani ile dalili niliyosema iaminiwe kwanza kwake hufichwa. Mvutaji mwenye kipandikizi asisubiri damu, bali apimwe kina cha ufizi na apigwe eksirei kila daktari anapoona inafaa. Ugoro unaowekwa kati ya mdomo na ufizi nao huwasha nyama ya mahali hapo na uachwe. Kupunguza kunasaidia, lakini kuacha kabisa ndiko kunakobadilisha matokeo ya matibabu kwa namna inayoonekana.

Kisukari kisichodhibitiwa hudhoofisha uponaji. Mtu ambaye fizi zake zinavimba mara kwa mara, ana kiu isiyokwisha na hukojoa sana usiku, apimwe sukari kabla ya kuanza matibabu ya kipandikizi. Kipimo hicho ni cha haraka na hupatikana hata katika vituo vingi vya afya. Ambaye tayari ana kisukari amletee daktari wa meno majibu yake ya karibuni.

Waliopoteza meno yao ya asili kwa sababu ya ugonjwa wa fizi wako katika hatari kubwa zaidi kuliko waliopoteza kwa ajali. Meno yao yaliyobaki yatibiwe pamoja na kipandikizi, vinginevyo bakteria wa meno hayo watarudi palepale. Na wanaotibiwa saratani au udhaifu wa mifupa kwa dawa za kuimarisha mfupa, kama asidi ya zoledroniki au denosumabu, wasifanyiwe upasuaji wowote wa taya kabla daktari wa meno hajawasiliana na daktari aliyewaandikia, kwa kuwa mfupa wao unaweza kushindwa kupona.

Kupima tena, na kuamua juu ya safari

Baada ya usafishaji, matokeo hupimwa tena kati ya wiki ya 6 na ya 12. Lengo ni kina kisichozidi milimita 5, kutokuwepo usaha, na damu isiyotoka zaidi ya nukta moja kukizunguka kipandikizi. Lengo likifikiwa, mgonjwa huingia katika ratiba ya matunzo. Lisipofikiwa ingawa usafi wa nyumbani ni mzuri, upasuaji huzungumzwa. Na kama usafi bado ni hafifu, upasuaji husubiri, kwa sababu kumfanyia upasuaji mtu asiyesafisha ni kupoteza fedha zake.

Katika upasuaji huo, kwa ganzi ya kawaida, ufizi hufunuliwa, nyama iliyougua huondolewa, na skurubu husafishwa kwa macho kwa brashi za titani na maji ya chumvi ya hospitali. Kama mfupa umeliwa kwa umbo la shimo lenye kuta, unga wa mfupa huweza kujazwa. Kama umeshuka sawasawa pande zote, ufizi hushushwa ili sehemu iliyo wazi ifikiwe na brashi, na mgonjwa aelezwe mapema kwamba jino litaonekana refu. Hii ni kazi ya bingwa wa fizi au wa upasuaji wa kinywa, na kwa kawaida ina maana ya kwenda Dar es Salaam au Mwanza. Piga simu kabla ya kukata tiketi: uliza kama bingwa yupo wiki hiyo, kama ana vifaa vya kampuni ya kipandikizi chako, gharama ni kiasi gani, na lini nyuzi za kushonea ufizi zitatolewa. Siku za kubaki huko baada ya upasuaji zihesabiwe pia, maana safari ya reli kutoka Kigoma ni ndefu na si ya kufanywa siku ileile mtu aliyotoka kwenye kiti. Tabora ina nafuu kidogo, kwa kuwa ndipo njia ya Kigoma na ya Mwanza zinapogawanyika.

Aliyepona hurudi kliniki kila baada ya miezi mitatu katika mwaka wa kwanza, kisha vipindi hivyo huweza kurefushwa hadi miezi sita kwa kadiri hali yake inavyoruhusu. Kila ziara pande zilezile sita hupimwa na kuandikwa katika daftari moja ambalo mgonjwa hulihifadhi mwenyewe, ili hata akihudumiwa na daktari mwingine, namba za mwanzo ziwepo za kulinganishia. Safari ya kumwona bingwa inaweza kuunganishwa na safari za biashara au za kifamilia, lakini ziara za katikati zifanyike hapahapa mkoani.

Kipandikizi kinachotikisika, au ambacho sehemu kubwa ya mfupa wake imekwisha, hutolewa. Taya huachwa ipone kwa miezi kadhaa kabla ya kufikiria kingine, na kipandikizi cha pili mahali palepale kina uwezekano mdogo wa kudumu kuliko cha kwanza, hasa kama tumbaku, sukari au taji baya lililosababisha hasara ya kwanza bado lipo. Katika kipindi hicho mgonjwa huvaa jino bandia la kuvaa na kuvua, linalogharimu kidogo na kusafishwa nje ya kinywa, na wapo wanaoamua kubaki nalo moja kwa moja.